Kishanga cha Shaba Tumboni mwa Udi

Mmeniuliza kwa zamu kwa nini nimeliacha gitaa, na kila mmoja wenu nimemjibu uongo wake. Wale wa kwaya niliwaambia kwamba mpiga gitaa aliyekomaa hufika siku akachoka na gitaa. Wanafunzi wangu niliwaambia ni utafiti. Jirani yangu wa Bugendana, aliyeona gitaa langu limening'inia ukutani lina vumbi na mimi kila mwisho wa mwezi nabeba begi kwenda Muyinga, nilimwambia nina ndugu mgonjwa huko. Nimechoka kukumbuka nani nilimwambia nini. Naandika mara moja, someni wote.

Mnanijua. Nilizaliwa kambini Tanzania. Gitaa langu la kwanza nililitengeneza kwa mkono wangu, galoni la mafuta ya msaada na waya za breki za baiskeli, na kwa gitaa hilo nikafika chuo na kutoka na diploma ya muziki. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Wenzangu walirudi Burundi na magodoro na mabati, mimi nilirudi na karatasi. Nakala yake niliipiga plastiki, nikawa nasafiri nayo ndani ya mfuko wa gitaa. Haya nayasema mwanzoni ili mjue nilianguka kutoka urefu gani.

Gitega, mbele ya cherehani

Mama Zaituni, mshonaji wetu karibu na soko, ni mtu wa Muyinga. Siku hiyo alikuwa ananipima shati. Mkono mmoja ulikuwa umeshaingia, mwingine bado, simu yake ikaanza kutoa muziki kutoka juu ya meza. Ulikuwa udi, kile chombo cha nyuzi, peke yake, umerekodiwa vibaya, kuku wanasikika nyuma. Nilisimama hivyo hivyo na shati nusu.

Sauti ya tatu ya ule wimbo ndiyo iliyoniharibia siku. Gitaa, kwa wasiojua, shingo yake imegawanywa kwa vichuma: ukibonyeza hapa ni sauti hii, ukibonyeza pale ni ile, na katikati hakuna kitu. Sauti niliyoisikia ilikaa hapo katikati. Nilikwenda nyumbani nikaitafuta siku mbili. Kwenye kichuma cha tatu iko chini yake, kwenye cha nne iko juu yake. Nikauvuta uzi pembeni kwa nguvu ili kuifikia, ikaja imekunja uso.

Kwa hiyo mkiniuliza nini humtoa mtu kwenye gitaa akaufuata udi, sitawadanganya kwamba ni utamu. Kulikuwa na sauti juu ya uzi ambayo mimi mwenye diploma sikuweza kuipata, na mzee mmoja kati ya kuku alikuwa nayo.

Nilirudi kwa Mama Zaituni.

"Ni mjomba wangu, Mzee Hamisi," alisema. "Iko Muyinga, ni seremala. Udi ule alichonga yeye mwenyewe. Lakini sasa mkono wa kushoto umekufa, alipooza. Na mjukuu wake Zaina anaolewa dimanshi hii, Jumapili. Kwetu binti hatoki mlangoni kama udi haujapigwa. Wanatafuta mtu wa kupiga, wamekosa."

"Wamempata."

"Nani?"

"Unamshonea shati."

Alitoa sindano mdomoni. "We umeshapiga udi?"

"Mama Zaituni, udi ni gitaa lenye shingo fupi na tumbo la mimba. Nina diploma."

"Hiyo diploma imeandikwa udi?"

"Imeandikwa muziki."

"Bon, sawa," alisema, na kwa jinsi alivyolisema ningeweza kujua mengi kama ningekuwa mtu wa kusikiliza. "Nitawapigia simu."

Gitega hadi Karuzi

Alhamisi asubuhi dereva wa probox, gari dogo la abiria, aliniambia tunaondoka sasa hivi. Sasa hivi hiyo ilianza saa mbili, na saa nane ilikuwa bado inaendelea.

"Esansi iko njiani, mwalimu."

"Njiani kutoka wapi?"

"Kutoka kule iko."

Abiria wote walicheka, nami nikasema kwa Kiswahili sanifu kwamba chombo cha usafiri hakipaswi kupokea abiria kabla ya kuwa na mafuta. Dereva aliegemea mlango wake.

"Sha, huyu anasema kama redio! Mheshimiwa, tusomee na habari ya mvua basi."

Mama mmoja wa Karuzi, mtu mzima mwenye kitenge cha samawati, alinihurumia. Alifungua kapu lake akanipa viazi vitamu vya kuchemsha na maharage kwenye kifuniko cha sufuria. Tulikula tumekaa kwenye ukuta mfupi. Aliuliza huo mfuko mgongoni ni wa nini, kama mimi ni mhubiri. Badala ya kujibu nilitoa diploma. Alijifuta mikono kwanza, vizuri, kidole kwa kidole, kisha akaipokea na kuitazama muda mrefu. Alikuwa ameishika juu chini. Nilimgeuzia.

Hamjui jinsi uso wake ulivyobadilika. Sikujali wakati ule. Siku hizi nikikumbuka safari yote ile, huwa naanzia hapo.

Mafuta yalikuja saa tisa na nusu kwenye jerikani la manjano, yakaishia Karuzi. Yule mama alinilaza kwake, kwenye kitanda cha mwanawe aliyekuwa masomoni, na asubuhi alinipa uji wa mtama. Diploma hakuiuliza tena.

Karuzi hadi Muyinga

Ijumaa nilipata pikipiki. Kijana wake alikuwa mwimbaji, au alijiona hivyo; aliimba njia nzima na upepo ukanirudishia kila neno usoni. Kwenye mteremko mmoja aligeuza shingo akapiga kelele, "Na we unapiga gitaa? Si upige, tupate redio kwa moto, hii pikipiki!" Nilimwambia atazame njia. Nilimwambia pia kwamba anaimba chini ya sauti yake halisi, na kwamba pumzi anatoa kifuani badala ya tumboni. Aliacha kuimba. Tulipita mashamba ya kahawa na migomba kimya kimya mpaka mjini, na nikahesabu hilo kuwa ni somo zuri nililotoa bure.

Nyumba ya Mzee Hamisi ilikuwa rahisi kuijua, uani mlijaa maranda ya mbao. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono wa kushoto umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine, wa kulia unapiga msasa kwenye mguu wa kitanda. Binti yake, Mama Zaina, alitandika mkeka. Zaina mwenyewe alichungulia mlangoni, mikono ina hina mpaka kwenye viwiko.

Nilitoa salamu, nikaeleza nilikosomea, nikakabidhi diploma. Mzee aliipapasa kwa kidole gumba.

"Ni karatasi ngumu," alisema kwa heshima. "Haiingii maji?"

"Haiingii, Mzee."

"Vizuri. Karibu, mwalimu."

"Babu, anasema kama redio," Zaina alinong'ona, na nong'ono lake lilifika mpaka barabarani.

"Nyamaza we. Redio itakutoa mlangoni."

Alininyooshea udi uliotundikwa ukutani ndani ya mfuko wa kanga kuukuu. "Mke wangu alitoka kwao kwa huo. Binti yangu huyu alitoka kwa huo. Sasa pumzika, ule kidogo. Tukitoka msikitini nitakufundisha wimbo wa mlango. Usiushike kwanza. Wacha ukuzoee."

Mama Zaina aliongeza taratibu, mzee alipokwenda kutawadha, "Mwalimu, watu wa bwana harusi wanatoka Ngozi. Mi niliogopa tutawaambia nini. Wewe ndiye Mungu alituletea." Akaenda kwa jirani, ambako wanawake walikuwa wanachambua mchele. Nikabaki peke yangu na udi.

Muyinga, wakati wa sala ya Ijumaa

Nilianza kwa kuutazama tu. Kisha nikautoa kwenye kanga.

Nilichokiona kilinichekesha. Nyuzi zake zilikuwa mshipi wa kuvulia samaki. Mimi, niliyeanza na waya za breki, nilicheka uzi wa mtu. Nilisema moyoni, maskini wa Mungu, miaka yote hii hajapata nyuzi za kweli. Ndani ya mfuko wa gitaa nilikuwa na pakiti mpya ya nyuzi za chuma niliyoitunza tangu Dar es Salaam. Nikajiona nafanya sadaka. Watatoka msikitini wakute udi unang'aa na mimi nauchezesha.

Sikujaribu kuifungua mishipi, niliikata kwa koleo. Nikafunga nyuzi sita za chuma, nikaanza kuzivuta mpaka zifike sauti za gitaa, maana hizo ndizo nilizozijua. Uzi wa kwanza ulilia vizuri. Wa pili pia. Kwenye wa tano niliona kile kibao kidogo kinachoshika nyuzi kimeinama mbele, kama mtu anayesinzia. Nikafikiri ni macho yangu. Nilizungusha kigingi cha sita nusu tu.

Kilitoka kwa mshindo, kama mlango uliopigwa na upepo. Kibao kiliruka hadi kwenye paja langu na nyuzi zote, na usoni mwa udi palibaki kidonda cheupe.

Sasa sikieni nilichofanya, kwa sababu kuvunja ni ajali na mtu anaweza kusamehewa. Nilichukua koleo nikakata nyuzi zangu upesi upesi. Kila uzi wa gitaa una kishanga kidogo cha shaba mwishoni kinachouzuia usipite kwenye tundu. Katika haraka ile vilikuwa vinarukaruka. Niliokota vitano. Cha sita nilikitafuta chini ya mkeka, ndani ya kiatu, kati ya maranda. Hakikuonekana. Nikasikia kanzu za kwanza zinapita barabarani. Nilirudisha udi kwenye kanga na kibao chake, nikautundika, nikakaa na diploma yangu magotini kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

Walikuja na furaha ya Ijumaa. Pilau ililetwa. Nilikula, naam, nilikula. Kisha Mzee akasema, "Haya, mwalimu," akaushusha udi mwenyewe kwa mkono mmoja.

Mama Zaina ndiye aliyepiga ukelele. Zaina aliingia mbio, akaona, akakaa chini pale pale na hina yake.

"Iko namna gani hii? Jana ulikuwa mzima!" Mama yake aligeuka. "Mwalimu, wewe ulikuwa hapa. Kuna mtu aliingia?"

Mzee aliuinua udi hadi sikioni, akautikisa taratibu. Tumboni mwake kitu kikasema *chwa*. Nilijua ni nini. Aliutikisa tena, akapitisha kidole kwenye kile kidonda, akashika ncha za mishipi iliyobaki kwenye vigingi. Kisha akanitazama, si kwa muda mrefu.

"Hakuna aliyeingia," alisema. "Gundi yangu. Ni ya zamani, imezeeka. Mimi na gundi yangu tumezeeka pamoja."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Na mimi nikafungua mdomo nikasema:

"Ni kweli, Mzee. Gundi za zamani hukauka. Tulisoma chuoni."

"Mlisoma hilo?"

"Ndiyo, Mzee."

"Vizuri," alisema. "Elimu ni kitu kizuri."

Zaina alikuwa analia bila sauti. Shangazi mmoja kutoka kwa jirani akashauri wapige kaseti. Zaina akainua kichwa. "Mama alitoka na udi, bibi alitoka na udi. Mi nitatoka na kaseti kama bidhaa ya dukani? Sitoki. Wangoje Ngozi huko mpaka wachoke."

"Utatoka na udi," Mzee alimwambia. "Ijumaa iko leo, dimanshi iko mbali. Mwalimu ana mikono miwili. Atakuwa mikono yangu."

Jioni ile ile, kabla ya magharibi, nilifanya kazi chini ya sauti yake. Alitoa vipande vya gundi ya ngozi, rangi ya asali, tukaviyeyusha ndani ya kopo kwenye maji ya moto. Alinifundisha kupaka, kuweka, kubana kwa kibao laini na vipande vya mpira wa baiskeli. Akasema panahitajika kitu kisichoshika gundi kati ya kibao na mbao ya kubania, kama nailoni. Walitafuta, wakapata mifuko iliyotoboka. Nikatoa diploma yangu nikaiweka. Hakuna aliyeniomba. Mnaouliza lile duara la kahawia juu ya jina langu lilitoka wapi, ndilo hilo.

Giteranyi na kurudi

Nyuzi nilikuwa nimezikata. Jumamosi asubuhi Mzee alinituma Giteranyi kwa Bi Nyota, muuza chumvi na zana za watu wanaokwenda ziwani kuvua, ambaye ndiye aliyekuwa akimpa mishipi miaka yote. Sikuchukua gitaa.

Pikipiki iliishiwa mafuta kabla ya nusu ya njia. Nilimalizia nyuma ya baiskeli ya mtu mzima mwenye vigimbi vya miguu kama mawe. Kila kilima nilimuuliza kama bado mbali.

"Bwana mkubwa," alisema mara ya tatu, "jana nilibeba mihogo. Haikuuliza kitu."

Nilishuka nikasukuma kwenye mlima uliofuata. Hakushukuru wala hakushangaa, aliona ni jambo la kawaida.

Bi Nyota alikuwa mwanamke mnene mwenye macho ya kucheka. Kabla sijajieleza alikwishaweka mezani mizingo miwili ya mshipi, mwembamba na mnene.

"Mzee Hamisi alinipigia simu jana jioni. Amesema nikupe hii na hii. Na amesema nisikuulize kitu."

"Kitu gani?"

"Ndiyo hicho, nisikuulize." Alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Lakini vraiment, kweli mwanangu, mi ningependa sana kuuliza."

Alinipa ugali wa muhogo na samaki wa kukaanga. Nilikaa mbele ya sahani ile. Jana jioni, yaani wakati mimi napaka gundi na kujisifu moyoni kwamba hakuna aliyegundua, Mzee alikuwa ameshatoka nyuma ya nyumba na simu kunifichia aibu hata kwa mtu wa Giteranyi ambaye sitamwona tena. Samaki alikuwa mtamu, sikummaliza. Bi Nyota alimfunga kwenye jani la mgomba nikale njiani. Nilimpa mtu wa baiskeli.

Muyinga, Jumapili alasiri

Nyuzi tulizifunga Jumamosi alasiri, legevu, chini kuliko nilivyodhani chombo kinaweza kulia. "Hii haivutwi," Mzee alisema. "Inaombwa."

Kisha kukawa na shida niliyopaswa kuitaja tangu kwa Mama Zaituni: sikuweza kupiga udi. Vidole vyangu vilikwenda mahali ambapo vichuma vingekuwepo, na vichuma havikuwepo. Mzee alisikiliza kidogo, akaniambia nisogee. Aliweka udi kifuani mwake, mkono wake mzima ukashika risha, ule unyoya mgumu wa kukwaruzia nyuzi. Mimi nikakaa ubavuni mwake wa kushoto, bega kwa bega, nikapitisha mkono wangu chini ya shingo ya udi. Yeye angepiga, mimi ningebonyeza. Mwenye diploma akawa mkono wa kushoto wa mtu.

"Juu kidogo. Umepita. Rudi. Usitazame, hakuna cha kutazama. We ulirudi kutoka Tanzania, si ndiyo? Ulikuta shamba lenu lina mpaka?"

"Hapakuwa na mpaka, Mzee. Tuligombana na jirani mwaka mzima."

"Mliupataje?"

"Tulikaa wote wawili, tukatembea, tukasikilizana."

"Basi."

Jumapili watu wa Ngozi walifika na magari mawili na kelele nyingi. Ua ulijaa. Zaina alisimama ndani, nyuma ya kizingiti, amefunikwa, mama yake amemshika mkono. Desturi yao ni hii: wimbo unapoanza binti anainua mguu, na kwenye sauti ya tatu anaushusha nje. Ndiyo ile sauti niliyoisikia Gitega nikiwa na shati nusu.

Mzee alipiga ya kwanza. Nikabonyeza, ikawa sawa. Ya pili. Zaina akainua mguu.

Ya tatu nilikwenda kwenye kichuma cha nne kisichokuwepo. Ikatoka juu, kali. Mwanamke mmoja upande wa Ngozi akacheka kwa pua. Zaina hakushusha mguu. Mzee alipiga sauti ile ile tena, na tena, taratibu, kana kwamba wimbo ulitungwa hivyo, akinisubiri. Nilihisi bega lake linapumua. Niliona unyayo wenye hina unaning'inia juu ya kizingiti, umeanza kutetemeka, na mama yake akimkaza mkono asianguke. Nikafumba macho. Nikateremsha kidole, kidogo, kidogo kuliko unene wa uzi wenyewe, na sauti ikaingia mahali pake.

Zaina alikanyaga nje. Vigelegele vikapanda. Katikati ya vigelegele, karibu na sikio langu, kishanga kikasema *chwa*.

Kurudi Gitega

Jumatatu nilimkuta Mzee peke yake na mguu wake wa kitanda. Nilikuwa nimepanga hotuba.

"Mzee, ile gundi..."

"Gundi ilikuwa nzuri," alisema bila kuacha msasa. "Gundi ikizeeka, kibao huachia kikiwa safi. Hiki kilitoka na nyama ya mbao. Hilo mlisoma chuoni?"

"Hapana, Mzee."

"Nilidhani."

Nikamwambia yote: koleo, chuma, kishanga, uongo. Nililia, na kama kuna atakayenicheka kwa hilo sokoni, acheke. Nilimuuliza kwa nini hakunitaja mbele yao.

"Ulikuwa mgeni ndani ya nyumba yangu," alisema. "Na harusi ilikuwa ya Zaina. Ningekutaja, ingekuwa harusi yako."

Niliomba niutikise udi nitoe kile kishanga kwenye tundu la tumboni, ni kazi ndogo. Alikataa.

"Kiache. Gitaa limekufundisha kujitikisa. Ukija kuushika sawa, kitanyamaza. Utakuja lini?"

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye udi, na ndiyo maana gitaa liko ukutani. Kibao cha mlangoni kwangu, kile kilichoandikwa *mwenye Diploma*, nilikitoa mwenyewe. Wengine niliwaambia kiling'olewa na upepo; upepo huo haukuwepo. Nikipita Karuzi hushuka kumsalimu yule mama, na sibebi karatasi yoyote.

Mwezi uliopita, kwa mara ya kwanza, nilipiga wimbo wa mlango kwa mikono yangu miwili, mwanzo hadi mwisho, Mzee akipiga randa uani kwa mkono wake mzima, akiwa amenipa mgongo. Nilipomaliza nilijisikia vizuri kidogo. Nikamwambia, "Mzee, leo kishanga kimelia mara tatu tu."

Randa haikusimama.

"Mara nne," alisema. "Moja hukuisikia."